KAMERA IMEGOMA KUSOMA KWENYE KOMPYUTA? USIKIMBILIE KUFOMATI KADI

Leo tuweke mbolea pembeni kidogo tuongelee kamera. Usicheke, hili nalo ni suala la shamba.

Msimu uliopita mama mmoja wa kikundi chetu aliniita, mahindi yake yameliwa majani. Viwavi vilikuwa bado vidogo sana, kwa macho huwezi kusema kwa uhakika ni aina gani. Nikapiga picha kwa kamera ya kikundi, nimeiweka kwenye alama ya ua, ile ya kupigia vitu vya karibu. Mtaalamu wa wilayani alikuwa anazisubiri. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, nipulize leo au nisubiri?" Nikamwambia, "Nipe mpaka jioni mama, nizitume kwanza."

Nimefika ofisini, nachomeka kamera, kompyuta kimya. Hamna kitu.

Yakikukuta, fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Washa kamera. Nyingine zikizimwa hazionekani kabisa kwenye kompyuta. Hakikisha betri ina chaji, kisha bonyeza kitufe cha kuangalia picha, chenye alama ya pembetatu.

2. Badilisha waya. Hapa ndipo wengi tunakwama. Kuna waya za USB za kuchajia tu, hazipitishi picha, na kwa macho zinafanana na zile nzima. Wangu ulikuwa huo huo! Tumia uliokuja na kamera.

3. Badilisha tundu. Kwenye kompyuta ya mezani chomeka nyuma, matundu ya mbele mara nyingi yamelegea. Usipitishie kwenye kigawanyio cha USB.

4. Zima na uwashe vyote viwili, kisha chomeka upya.

5. Angalia menyu ya kamera, sehemu ya USB. Kama kuna chaguo la PTP na lingine, jaribu moja, ikigoma jaribu la pili.

6. Chomoa kadi. Zima kamera kwanza, kisha toa kadi uiweke kwenye kifaa cha kusomea kadi. Hapo kamera na waya wake huvihitaji tena.

Mimi sikuwa na waya mwingine, nikaenda moja kwa moja hatua ya 6. Kompyuta ikaleta ujumbe kwamba kadi haijafomatiwa, je, niifomati? Kijana aliyekaa pembeni yangu akanyoosha mkono abonyeze ndiyo. Nikamshika!

Ndugu yangu, ujumbe huo hausemi kadi yako ni mbovu. Unasema kompyuta hiyo haijaielewa. Kompyuta yetu ya ofisi ni ya zamani, inatumia Windows XP, na kadi ilikuwa ya GB 64. Kadi za zaidi ya GB 32 huja na mfumo unaoitwa exFAT, ambao XP isiyoongezewa programu yake haiusomi. Ukikubali kufomati, orodha ya picha inafutwa na kazi ya siku nzima imekwenda.

Nikaikataa, nikatoa kadi, nikaenda nayo steshenari kwenye laptopu mpya. Picha zote zikafunguka.

Na kama umeshafomati kwa bahati mbaya, usipige picha nyingine kwenye kadi hiyo. Picha mpya zinakaa juu ya zile za zamani. Ipeleke kwa fundi, kuna programu za bure kama PhotoRec zinazoweza kurudisha picha.

Picha zilipokuzwa, jibu lilikuwa wazi: alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyojipanga mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Viwavijeshi vamizi. Mama alipuliza jioni ile ile, akielekeza dawa kwenye moyo wa mhindi. Viwavi hivi ukivichelewesha vinanenepa, vinajificha ndani kabisa, na dawa haivifikii vizuri.

Kwa hiyo kabla hujaenda shamba, jaribu kamera na waya wako nyumbani. Na ukiulizwa kufomati, jibu ni hapana mpaka ujaribu kompyuta nyingine.

Nakutakia kilimo chema.