Ful mbichi huliwa na ganda lake

Mbaazi mbichi zikitokoswa na maganda yake, sisi watu wa Pwani hula punje, ganda tukalitupa. Lakini wako ndugu zetu wa kando ya bahari ya Mediterania ambao hupika jamii moja ya kunde pamoja na ganda lake, na lote likaliwa.

Kunde hiyo ni ful, ile ambayo Wamisri huila asubuhi kwa mkate. Waturuki huiita bakla. Wengi wetu twaijua ile kavu tu, kwani mmea wake hupenda baridi, na joto likizidi maua yake hupukutika. Ndiyo sababu jirani zetu wa Ethiopia huipanda kwa wingi huko milimani.

Siri ya upishi huu ni umri wa ganda. Huchumwa lingali changa, laini, nalo lavunjika kwa mkono. Likikomaa huwa gumu, na hapo hufaa punje peke yake.

Mpishi wa Kituruki huanza kwa kukata ncha mbili za kila ganda na kuvuta nyuzi za pembeni. Kisha huyatia maganda katika maji yenye ndimu na kijiko cha unga wa ngano, yasigeuke meusi. Hukaanga kitunguu kidogo kwa mafuta ya zeituni, akatia maganda, chumvi, sukari kidogo, ndimu na maji kiasi. Hufunika sufuria na kuacha moto mdogo kwa muda wa dakika 40 hivi, mpaka maganda yalainike. Hayaliwi ya moto. Huachwa yapoe, yakanyunyizwa majani ya shibiti, na kando yake huwekwa maziwa ya mgando yaliyotiwa kitunguu thomu. Walebanoni nao huyakaanga kwa thomu na kotimiri.

Basi, mpenzi msomaji, kabla hujaitamani sahani hiyo, sikiliza jambo moja. Kuna watu ambao ful kwao ni sumu. Damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wakila ful, chembe nyekundu za damu hupasuka. Baada ya siku moja au mbili mgonjwa hupauka, macho huwa manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja. Ful mbichi na changa ndizo hatari zaidi, na kuzipika hakuiondoi sumu yote.

Upungufu huo ulitambuliwa mwaka 1956, wataalamu walipochunguza kwa nini dawa ya malaria iitwayo primakwini iliwadhuru baadhi ya watu. Mvulana huurithi kwa mamake, nao umeenea zaidi katika nchi zilizokaa na malaria karne nyingi. Pwani yetu haikusalimika. Aina ya Mediterania ni kali kuliko ya Afrika, lakini ya kwetu pia si ya kudharauliwa, hasa kwa watoto wadogo.

Kwa hivyo, anayesafiri Istanbul au Beirut akakaribishwa sahani hii, na ale kwa raha ikiwa aijua damu yake. Asiyejua, hospitali kubwa zina kipimo chake. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.