Tumbo dogo mbele ya sinia kubwa

Ndugu msomaji, leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo limeanza kubisha hodi katika nyumba zetu, na ambalo wengi hulinong'ona badala ya kulisema: hali ya mtu aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza uzito anaporejea nyumbani na kukaa mbele ya chakula.

Katika karamu moja ya harusi mjini Tanga tulimshuhudia dada mmoja akiwa ameketi na jamaa zake kwenye sinia la pilau. Wenzake walikula kwa furaha. Yeye alichukua tonge mbili ndogo, akanyamaza. Shangazi yake akamtazama.

"Kula mwanangu, mbona wachezea chakula?"

"Nimeshiba, shangazi."

"Umeshiba nini na tonge mbili? Au siku hizi chakula chetu hukitaki?"

Dada yule aliona haya. Akachukua tonge ya tatu, ya nne, na kipande cha nyama alichosogezewa. Haikupita muda akashika kifua, akainuka, akaelekea uani. Aliyemfuata alimkuta akitema mate mengi yenye povu, machozi yakimtoka. Ilikuwa ni wiki ya saba tangu afanyiwe operesheni huko ng'ambo.

Hapana aliyemtakia mabaya. Shangazi alimkarimu kama alivyolelewa kukarimu. Hata hivyo, kisa hiki ndicho kilichotusukuma kuandika, kwa kuwa tumbo la dada yule lilikuwa limepunguzwa, lakini sinia la nyumbani kwao lilibaki lile lile.

Operesheni hizi ni zipi?

Si jambo jipya katika utabibu. Mwaka 1966, madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walianza kufanya operesheni ya kukifanya chakula kipite njia ya mkato ili kumsaidia mtu mwenye unene uliopindukia. Leo ziko aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Pamoja na sehemu hiyo huondoka mahali panapotengenezwa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini. Ndiyo maana wengi hawasikii njaa katika miezi ya mwanzo. Katika aina ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo chenye ujazo wa kama mililita 30 tu, nacho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Katika nchi za Ghuba, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa, operesheni hizi zimekuwa jambo la kawaida. Wapo wanaozifuata India, na katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, nayo imeanza kutoa huduma za kupunguza uzito. Hukumu ya kufanya au kutofanya operesheni ni suala la kuulizwa wanazuoni pamoja na madaktari kwa kila mtu na hali yake. Sisi leo twamzungumzia yule aliyekwishafanyiwa.

Kupanda ngazi moja moja

Jambo la kwanza linalopasa kufahamika na nyumba nzima ni kwamba mgonjwa huyu anaanza kula upya, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Siku za mwanzo hupewa vinywaji vyepesi visivyo na sukari. Baada ya hapo, hadi kama wiki ya pili, huja maziwa, mtindi mwepesi na supu iliyochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni zamu ya vyakula vilivyosagwa vikawa laini kabisa, kama maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Kisha hufuata vyakula laini, kama yai na samaki asiye na miiba. Chakula cha kawaida huanza kurudi baina ya wiki ya sita na ya nane, nacho hurudi kidogo kidogo. Kila hospitali ina ratiba yake, na ratiba ya daktari wake ndiyo ya kufuatwa.

Vyakula vinavyokwama mara nyingi ni vile vikavu na vizito: nyama ngumu, kuku aliyekauka, mkate mpya, chapati na wali mkavu. Kwa bahati mbaya, hivyo ndivyo tunavyomkarimu mgeni. Dalili za kukwama ni kubanwa na kifua, mate kujaa kinywani na kichefuchefu. Likitokea hilo, aache kula papo hapo, akae wima au atembee taratibu, wala asijaribu kusukuma kwa maji.

Namna ya kula nayo hubadilika. Tonge liwe dogo mfano wa ncha ya kijiko cha chai, litafunwe mara 20 hadi 30, na mlo uchukue kama nusu saa. Chakula na kinywaji havichanganywi. Baada ya kula husubiri dakika 30 ndipo anywe. Maji anywe kwa mafunda madogo mchana kutwa, hadi yafike lita moja na nusu kwa siku. Protini huliwa mwanzo kabla ya wanga, kwani mwili wahitaji gramu 60 hadi 80 kila siku ili usile misuli yake wenyewe. Samaki, mayai, mtindi, maharage na dengu vyote vyapatikana katika masoko yetu.

Kutapika kila siku si kawaida

Hapa, ndugu msomaji, twaomba usome kwa makini. Tulipozungumza baadaye na mume wa dada yule, tulielezwa kwamba tukio la harusini halikuwa la kwanza. Kwa wiki mbili na zaidi alikuwa akitapika karibu kila siku. Nyumbani walimfariji wakisema ndivyo operesheni zilivyo, atazoea. Siku chache baada ya harusi alianza kuhisi ganzi miguuni, akatembea kwa kuyumba, na akilalamika kuwa aona vitu viwili viwili. Ndipo alipokimbizwa hospitali.

Kilichomsibu kinajulikana na madaktari. Mwili hauna akiba kubwa ya thiamini, yaani vitamini B1. Akiba hiyo yaweza kumalizika katika muda wa wiki mbili au tatu kwa mtu asiyekula na anayetapika. Ikiisha, mishipa ya fahamu na ubongo huanza kudhurika. Mgonjwa huyumba, macho huenda ovyo, akili huchanganyikiwa, na akicheleweshwa madhara yaweza kubaki maisha yake yote. Tiba yake ni sindano ya thiamini, itolewe mapema. Ni muhimu jamaa wawaambie wauguzi tangu mlangoni kwamba mgonjwa alifanyiwa operesheni ya tumbo na amekuwa akitapika, kwa sababu dripu ya sukari bila thiamini yaweza kuizidisha hali hiyo. Dada yule, alhamdulillahi, aliwahiwa.

Basi na ieleweke: kukwamwa mara moja kwa kula haraka ni jambo moja, na kutapika mfululizo ni jambo jingine. Anayetapika kwa zaidi ya siku nzima bila kushikilia hata maji, anayepata homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi au kuvimba mguu mmoja, huyo apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Vidonge vya vitamini na madini navyo si vya miezi michache. Huyu atavihitaji maisha yake yote: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, bali vipishane kwa saa mbili. Na kwa kuwa baadhi ya vidonge huvikwa jelatini, ambayo yaweza kutokana na nguruwe, ni vyema kumuuliza mfamasia aina isiyo na shaka badala ya kuacha dawa kimya kimya. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe bila idhini ya daktari, maana huleta vidonda, hasa kwa aliyewekewa njia ya mkato. Nywele zikipukutika baina ya mwezi wa tatu na wa sita asikate tamaa. Kwa kawaida huota tena lishe ikitengemaa. Mama naye hushauriwa kuchelewesha mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Tende, sharubati na Ramadhani

Sukari nyingi ni mtihani mwingine, hususan kwa mwenye njia ya mkato. Chakula kitamu hushuka upesi mno kwenye utumbo mwembamba, na ndani ya nusu saa au saa moja mtu hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota na huharisha. Wengine, baada ya saa moja hadi tatu, sukari ya damu huporomoka wakatetemeka na kuishiwa nguvu. Tunapokumbuka tende kadhaa, sharubati na kaimati zinazotangulia futari zetu, twaelewa ni kwa nini Ramadhani inahitaji maandalizi.

Madaktari hushauri asifunge katika miezi ya mwanzo, na wengi hupendelea apite mwaka mmoja au zaidi, kwani hawezi kunywa maji ya kutwa nzima kwa muda mfupi wa usiku. Aya za saumu katika Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Asiyefunga kwa ushauri wa tabibu mwaminifu hakufanya uzembe. Ametumia nafasi aliyopewa na Mola wake. Aulize kwa wanazuoni namna ya kulipa. Na siku atakapoanza kufunga, tende moja itafunwe taratibu, mafunda ya maji yafuate baada ya kungoja, futari igawanywe mara mbili tatu usiku, na daku isiachwe. Akihisi kizunguzungu au kutetemeka, afungue.

Njaa ya moyo

Wapo wanaodhani aliyefanyiwa operesheni amepita njia rahisi. Mwenye kusema hivyo hajakaa usiku na mtu anayelia kwa kuwa chakula kilichokuwa kitulizo chake cha miaka mingi hakipiti tena. Tumbo hupunguzwa kwa saa chache, ilhali mazoea ya nafsi huchukua miaka. Njaa yaweza kurudi baada ya mwaka mmoja au miwili, na mtu akaanza kudonoadonoa vitafunio kutwa hadi uzito ukarudi. Wengine huingiwa na huzuni nzito. Kumcheka mtu kama huyo, au kumwambia amepoteza fedha zake bure, ni kumuongezea jeraha. Ashauriwe kurejea kwa daktari, kwa mtaalamu wa lishe, na kwa mshauri wa mambo ya nafsi. Kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Yatupasayo sisi jamaa

Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) aliyoyapokea Miqdam bin Ma'dikarib na kupokewa na Tirmidhi yanafahamika: thuluthi kwa chakula, thuluthi kwa kinywaji na thuluthi kwa pumzi. Tunayasoma mimbarini, kisha twarudi nyumbani tukimlazimisha mgeni aongeze sahani ya tatu. Yafaa tujiulize kama ukarimu wetu ni wa kumstarehesha mgeni, au wa kutustarehesha sisi wenyewe.

Kwa hiyo, mwenye tumbo dogo na apakuliwe kisahani chake, kisha aachwe. Asihesabiwe tonge. Asiambiwe "umekonda kama mgonjwa" mbele ya watu, wala asiulizwe siri ya operesheni yake asipopenda kuitaja. Akisema nimeshiba, asadikiwe mara ya kwanza. Mume au mke ajue ratiba ya vidonge na tarehe ya kurudi kliniki, na mpishi wa nyumba aweke kando mchuzi mwepesi na samaki laini kabla ya kutia viungo vikali. Naye aliyefanyiwa operesheni asione haya kuitetea afya yake kwa maneno mema: "Ahsanteni, hiki chanitosha."

Hivi karibuni tulialikwa tena katika familia ile. Shangazi mtu ndiye aliyepakua. Alileta kisahani cha chai chenye samaki aliyechambuliwa na kijiko kimoja cha maharage, akakiweka mbele ya mpwawe, akaketi kando yake. Kila mtu aliendelea kula na kuzungumza. Dada yule alitafuna taratibu hadi akamaliza, akasema alhamdulillahi, na hapana aliyemwambia ongeza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na atupe sisi jamaa zao subira na busara.