Mama, damu nyingi ya mwezi si ya kuficha



Mwaka 2019, hapa Butembo, mama mmoja wa kanisa letu alianguka katikati ya ibada. Wengine walisema ni mapepo. Wengine walimkimbia, maana ilikuwa wakati wa Ebola. Mimi mchungaji nilimwombea, nikamrudisha nyumbani. Nilikosa. Kumbe kila mwezi alikuwa anatoka damu siku kumi, tangu mwaka mzima. Bwana yake alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Manguredjipa, hakujua kitu.

Utajua namna gani kama imepita kiasi? Ikipita siku 7. Ukibadilisha kitambaa kila saa, au kuamka usiku kwa ajili ya hiyo. Yakitoka mabonge makubwa. Ukisikia kizunguzungu na moyo kupiga mbio.

Kwenye hospitali, kama vile Kitatumba, Katwa ao Hospitali Kuu ya Beni, munganga atapima kwanza mimba, maana mimba inayoharibika hutoa damu pia. Halafu atapima wingi wa damu: kwa mama asiye na mimba, emoglobini chini ya 12 ni upungufu. Ekografia itaonyesha kama kuna uvimbe ndani ya tumbo la uzazi. Mara nyingine sababu ni homoni, spirali ya shaba, ao damu isiyoganda vizuri. Mama aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu, asingoje: apimwe kansa.

Dawa ziko. Ibuprofeni hupunguza damu. Asidi traneksamiki pia. Ilitokana na kazi ya Utako Okamoto, mama wa Japani, na bwana yake, mwaka 1962. Kuna homoni, na vidonge vya chuma vya kurudisha nguvu. Sombe na maharagwe ni vizuri, lakini peke yake havitoshi. Kupasuliwa si kwa kila mtu. Usinunue dawa ovyo sokoni: kila sababu ina dawa yake.

Yule mama wa Marko 5 aliteseka miaka 12, akamaliza mali yake yote. Yesu hakumwona mchafu, alimwita binti.

Mama wetu alikutwa na uvimbe, akatibiwa. Leo anauza tena unga wake sokoni. Enyi mabwana, mkirudi kutoka machimboni, msiulize chakula tu. Muulize pia: mama, unajisikia namna gani?