Cheti na Udadisi: Njia ya Kuwa Mwanasayansi

Masika yakikolea, mbasa hutoka Ziwa Nyasa na kupanda mitoni kutaga mayai. Kijana wa Ndandalo wilayani Kyela aliyekua akiwasikia wavuvi anaweza kulijua hilo kabla ya kumaliza shule ya msingi. Hajawa mwanasayansi bado, ila swali la kuanzia analo: samaki hao hujuaje kwamba wakati umefika?

Kulijibu kunahitaji shule. Kidato cha nne afaulu baiolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kidato cha tano achukue tahasusi kama PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, inayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchukua miaka 3. Anayetaka kuongoza utafiti huendelea na uzamili, kisha uzamivu. Kazi yenyewe inaweza kumrudisha nyumbani, kwani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Kyela.

Hata hivyo, vyeti havimfundishi mtu ujasiri wa kuuliza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu, uliowekwa kwenye friza ukiwa moto, ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, huku wenzake wakimcheka. Osborne aliagiza jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Sifa nyingine ni uvumilivu na uaminifu. Wavuvi wakisema mbasa wamepungua, mwanasayansi hakubali wala hakatai papo hapo. Huhesabu samaki, hupima urefu wao na joto la maji, huandika tarehe, kisha hurudia msimu hadi msimu. Namba zikipinga alichokiamini, hukiacha alichokiamini; harekebishi namba.

Mzazi wa Ndandalo, mwanao akikuuliza swali usilolijua, usimnyamazishe. Mpe daftari na rula, mwambie akapime.