Nani anaweka sahihi ili pori liwe hifadhi?

Ndugu wachimbaji, kila mara walinzi wanapofukuza watu ku mashimo, swali ni moja: "Nani alisema hapa ni park?" Ni swali ya haki, na jibu yake iko mu karatasi.

Hapa kwetu Katanga tunajua sana majina mbili. Upemba iliundwa kwa dekre ya mfalme wa Ubelgiji, tarehe 15 Mei 1939. Kundelungu, ni Rais Mobutu aliweka sahihi, tarehe 30 Novemba 1970. Mara zote mbili wakubwa waliandika kule mbali, kiisha kijiji kikaletewa habari.

Sheria nambari 14/003 ya 11 Februari 2014 ilibadilisha njia. Leo hifadhi inaundwa kwa dekre ya Waziri wa Kwanza, kiisha mawaziri kuijadili mu baraza lao. Lakini mbele ya sahihi lazima uchunguzi ufanyike: pori litapata nini, maisha ya watu itaguswa namna gani, na wakaaji wenyewe waulizwe. Hapo ndipo tunapotezaka. Siku ya kuuliza watu, chefu anakuja, watu wa mashirika wanakuja. Mchimbaji iko ku shimo, bibi yake iko ku soko. Nani atasema kama watoto wanasoma juu ya shimo ile?

Kiisha sahihi, mlango unafungwa. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inakataza kutoa haki ya kuchimba ndani ya hifadhi. Karte yako ya mchimbaji inafanya kazi tu mu eneo waziri wa madini alitenga kwa uchimbaji wa mkono. Mu park haikusaidii kitu. Katazo hilo haliko la maskini peke yao (wengine wanajifanya kusahau): kampuni nayo iko chini yake. Mukiona mashine ndani ya mpaka, muulize permi ni ya tarehe gani na dekre ni ya tarehe gani.

Hata kupunguza hifadhi inaomba dekre. Mwanasiasa anayeahidi mu kampeni kama "atafungua park", mumuulize dekre yake iko wapi.

Na kama uchunguzi wa hifadhi mpya unatangazwa kwenu, mutume mchimbaji moja na mama moja wa soko. Waombe karte ya mipaka, waseme, na maneno yao yaandikwe mu ripoti.