Trekta likizima uwanda wa Ruzizi, anza na bidoni kabla ya kufungua pampu

Uvira. Msimu A unapoanza mwezi Septemba, mkulima wa uwanda wa Ruzizi hana siku nyingi za kusubiri. Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, shamba linatakiwa liwe limelimwa na mbegu ziwe ardhini. Trekta likizima Sange au Luberizi wiki hiyo, hasara si ya mwenye trekta peke yake. Kila aliyekuwa kwenye foleni ya kulimiwa anachelewa naye.

Huko juu milimani, Mulenge na Lemera, miteremko imewaachia watu jembe la mkono. Trekta ni chombo cha uwandani, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayounganisha Bukavu na Uvira. Matrekta ni machache, na spea hutoka mbali.

Ndiyo maana ni vizuri kujua pa kuanzia kutafuta tatizo. Injini ikikataa, wengi hukimbilia kufungua pampu ya kusukuma mafuta kwenye nozeli. Hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika mfumo wa mafuta, na mara nyingi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya bidoni.

Mafuta yaliyopita mikono mingi

Mazutu, kama dizeli inavyoitwa huku, hufika shambani baada ya safari ndefu: lori, pipa, bidoni, kisha wauzaji wa kando ya barabara wanaojulikana kama Kadafi. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni nchini Burundi uliwafanya Warundi wengi kuvuka mpaka kuyatafuta Uvira. Vita vya 2025, vilivyofika Bukavu mwezi Februari na Uvira mwezi Desemba, vilivuruga usafiri zaidi. Mafuta yakiwa adimu, mkulima hununua anayoyapata.

Kila yanapomiminwa, yanaokota vumbi na maji. Nafasi kati ya vyuma vya ndani vya pampu na nozeli ni mikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kukwaruza chuma hicho. Mazutu yaliyochanganywa na petroli au mafuta ya taa nayo hupunguza ulainishaji ambao pampu inautegemea.

Kipimo chake hakina gharama. Jaza mazutu kwenye chupa inayoona, yaache usiku kucha. Maji ni mazito kuliko mazutu, hivyo asubuhi yataonekana chini pamoja na uchafu. Pipa nalo litulie siku nzima kabla ya kuchota, na mpira wa kunyonyea usigusе chini. Tangi la trekta lijazwe jioni baada ya kazi. Likilala nusu tupu, unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji ndani yake.

Fuata njia ya mafuta

Trekta likifanya kazi nusu saa, likazima, kisha likawaka tena baada ya kupumzika, legeza kifuniko cha tangi na ujaribu tena. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, mafuta hayashuki. Wapo wanaouziwa pampu kwa sababu ya tundu hilo.

Kama si hilo, endelea kwa mpangilio: bomba la tangi, kikombe cha kuchujia, pampu ndogo ya kuvuta mafuta, kisha filta. Injini inayopoteza nguvu kwenye mzigo mzito lakini inanguruma vizuri ikiwa haina mzigo mara nyingi ina filta iliyoziba. Filta ya karatasi haioshwi, hubadilishwa.

Baada ya kubadilisha filta, au tangi likikauka, hewa huingia kwenye mabomba na injini haiwaki. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha ikaze. Rudia kwenye pampu ya nozeli. Ikigoma bado, legeza kidogo nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha injini kwa stata mpaka mafuta yatoke bila hewa, kisha kaza. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja.

Moshi nao unaeleza. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, hivyo safisha kwanza filta ya hewa. Mweupe usioisha baada ya injini kupata moto ni mafuta yasiyoungua vizuri au maji. Wa bluu ni oili ya injini inayoungua.

Mikono ya nyuma ikikataa kunyanyua

Haidroliki ina kanuni hiyo hiyo. Pima kwanza kiasi cha oili, kisha itazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji na inapaswa kumwagwa. Pampu ikipiga kelele kali na mikono ikapanda kwa kurukaruka, inanyonya hewa, au kichujio cha upande wa kunyonya kimeziba.

Katika matrekta mengi madogo oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya giaboksi, hivyo uchafu wa gia unafika kwenye pampu. Kwenye Massey Ferguson 135, pampu imo ndani na huzungushwa na shafti ya PTO. 

Mikono ikipanda na kushuka polepole yenyewe, oili inavuja ndani, kwenye sili za silinda au vali. Ikibeba plau tupu lakini ikashindwa na mzigo, na oili ni safi na ya kutosha, hapo ndipo vali ya kupunguzia presha na pampu vinapoanza kushukiwa.

Tahadhari

Usitafute uvujaji wa presha kwa kidole, tumia kipande cha karatasi ngumu. Mafuta yanayoruka kwa presha hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama tundu la sindano, lakini mtu afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Usiingie chini ya plau iliyonyanyuliwa bila kuiwekea kigingi.

Na moto ukae mbali. Sange haijasahau usiku wa Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengine wakiwa wamekuja kuchota.

Kabla ya msimu, mwenye trekta aweke akiba ya filta mbili za mafuta, oili safi ya haidroliki na pipa lenye kifuniko lisilotumika kwa kitu kingine. Pampu ya nozeli ikishathibitika mbovu baada ya hatua zote hizi, isifunguliwe chini ya mwembe. Ipelekwe nzima kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia.