KISU CHA KUKUNJA NA KIDOLE CHA ASKARI

Mvua ya Bwesumbu haibishi hodi. Hushuka kutoka vilele vya Rwenzori ghafla, ikayageuza mapito ya mashamba ya kahawa kuwa utelezi mtupu, na mwenye mzigo hana budi kusimama pale pale alipo. Katika mvua ya namna hiyo ndipo tulipomwona askari mmoja kijana akihangaika na kamba ya katani iliyofunga turubai la gari lao. Alitoa mfukoni kisu cha kukunja, akakifungua, akakata. Kamba ilikuwa imelowa, haikukubali. Basi akakigeuza kisu na kuitoboa kamba kwa ncha ili aipasue. Alipokisukuma tu, kisu kilijikunja. Makali yalirudi ndani ya mpini, mahali yanapolala siku zote, na siku hiyo palikuwa pamekaa kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia.

Kidole hakikukatika, tunamshukuru Mungu, lakini kilishonwa, na kwa majuma kadhaa hakikuweza kukunjika. Msomaji wetu aliyepata kushika bunduki hana haja ya kuelezwa kidole hicho kina kazi gani.

Kisu chenyewe tulikitazama baadaye. Kilinunuliwa gulioni. Mpini wake ulipakwa rangi ya kijani ya kijeshi, na ubavuni paliandikwa maneno makubwa ya kigeni ya kumsifu mbebaji wake. Hakikuwa na jina la kiwanda tunachokijua, kwa hiyo hatuna wa kumlaumu. Tulikikunjua na kusukuma mgongo wake kwa kidole gumba kimoja tu. Kikajikunja kwa utii kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Tangu hapo vijana wa kambini na wa vituo vya polisi, kutoka Kasese mjini mpaka Bwera, wametuuliza swali moja: je, kisu cha mfukoni cha bei kubwa kina faida yo yote, au ni ulimbwende tu wa watu waliokwenda kozi ng'ambo? Jibu letu si la neno moja, maana tumeviona visu vya bei kubwa vilivyostahili kila senti, na tumeviona vingine vilivyomfaa mwenyewe kama redio inavyomfaa mtu asiye na betri.

Na tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Kisu cha kukunja ni kisu kilichovunjwa katikati kwa makusudi, kisha vipande vyake viwili vikaunganishwa kwa pini. Faida yake ni kwamba kinaingia mfukoni. Hatari yake ni kwamba kilichovunjwa mara moja kinaweza kuvunjika tena, na safari hii juu ya vidole. Kwa hiyo mwenye kununua asianze kutazama ukali wala urembo. Atazame kwanza komeo, yaani kile kitu kinachouzuia ubapa usirudi mpininia wakati wa kazi.

Majeshi makubwa nayo yalichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 1891 jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja chenye kifungulia makopo na bisibisi, kwa sababu bunduki yao ya mwaka 1889 haikuweza kufunguliwa na kusafishwa bila bisibisi. Shehena ya kwanza ilitengenezwa Solingen, Ujerumani. Baadaye kazi ikashikwa na Karl Elsener, mwanzilishi wa kiwanda kinachoitwa leo Victorinox. Kilikuwa kisu chema, lakini ubapa wake ulishikwa na springi peke yake, bila komeo. Miaka ikapita zaidi ya mia moja. Jeshi hilo lilipochagua kisu kipya mwaka 2008, lilitaka ubapa unaofunguka kwa mkono mmoja, na unaojifunga imara ukiisha kufunguka. Hatudhani kwamba Waswisi walilifanya hilo kwa ajili ya mapambo.

Hapa kwetu komeo lilijulikana mapema zaidi, tena kwa njia ya ajabu. Nyuma ya milima hii ya Rwenzori, upande wa magharibi ng'ambo ya mto Semliki, umo msitu wa Kongo anamoishi mnyama okapi. Wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901, kwa heshima ya Harry Johnston aliyekuwa mjumbe mkuu wa Uingereza katika Uganda. Mwaka uliofuata, 1902, wafua visu wa Solingen wakaanza kutengeneza kisu kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani katika Afrika, nacho kikaitwa Okapi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini, na hata leo kinapatikana. Mgongoni kina springi yenye pete, na ubapa ukifunguliwa hulia krr, krr, meno yake yakishika moja baada ya jingine. Ni kisu cha bei ya watu. Chuma chake hushika kutu usipokipangusa, lakini hunoleka kwa kinoo cho chote. Hatukitaji ili tukidharau, bali kwa sababu ni kipimo kizuri: kisu cha bei kubwa kisichokishinda Okapi kwa komeo, mwenyewe ameibiwa.

Mfaransa naye ana Opinel, kisu cha mpini wa mti kilichoanza mwaka 1890 katika milima ya Savoie. Mwaka 1955 kilitiwa pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha, ubapa haufungi. Ni akili nyepesi na ya kupendeza. Lakini mti hunywa maji ukavimba, na katika mvua tuliyoieleza ubapa wake unaweza kukwama ndani ya mpini, ukaling'ang'ania kucha mpaka ling'oke.

Sasa tuje kwa wakubwa wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fundi mmoja aliyetoka Afrika Kusini na kuhamia Marekani, Chris Reeve, alitoa kisu alichokiita Sebenza. Neno hilo ni la Kizulu, maana yake ni kufanya kazi. Mpini wake ni wa titani, madini mepesi yasiyoshika kutu, na komeo lake ni upande mmoja wa mpini wenyewe: ubapa ukifunguka, upande huo huchepuka na kusimama nyuma yake. Kadiri unavyokibana kisu mkononi, ndivyo unavyolikaza komeo. Viwanda vingi vimeiga. Bei yake huko Marekani imepita dola 400, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda, na anayekuuzia kisu chenye jina hilo gulioni kwa bei ya kuku wawili anakuuzia jina tu.

Fedha hizo zinalipia nini? Zinalipia kwanza vipimo: sehemu zinazogusana zimesagwa kwa usahihi, ubapa hautikisiki juu wala chini, na ukilegea unakazwa kwa bisibisi. Pili zinalipia chuma. Mwaka 2001 kiwanda cha Crucible cha Marekani kilitoa, kwa shauri la Reeve huyo huyo, chuma kiitwacho CPM S30V, chenye kaboni karibu asilimia moja na nusu, kromiamu asilimia 14 na vanadi asilimia 4. Kromiamu hufukuza kutu, na hilo si dogo kwa askari anayetoka jasho mlimani Jumatatu, kisha Jumatano akawa zamu penye chumvi ya Katwe. Vanadi hujenga ndani ya chuma chembe ngumu mno, zinazoyafanya makali yadumu siku nyingi.

Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo, nasi tuliuona kwa macho yetu. Ofisa mmoja alituazima kisu chake cha chuma cha namna hiyo, tukaenda nacho kwa mzee mmoja wa Bwesumbu mwenye shamba la kahawa. Kilikuwa kimekuwa butu. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, kisha akakaa chini na kukinoa juu ya jiwe lake la mtoni, lile lile linalonoa panga zake tangu ujana. Alinoa mpaka chai ikapoa. Mwisho alipitisha ukucha juu ya makali, akatikisa kichwa.

“Afande,” alimwambia ofisa, “chuma hiki kinalinoa jiwe langu.”

Alisema kweli tupu. Chembe za vanadi ni ngumu kuliko mchanga wa mawe ya kawaida, na kinoo cha mawe hayo huteleza juu yake. Kwa hiyo anayenunua kisu cha chuma hicho na awe na fedha za kununulia kibao kidogo cha almasi siku hiyo hiyo. Kama hazipo, shauri letu ni kwamba achague chuma cha kawaida kisichoshika kutu, cha kiwanda chenye sifa, ambacho jiwe la mtoni litakiweza. Kitakuwa butu upesi zaidi, naam, lakini atakinoa jioni akingoja ugali, na asubuhi kitakata. Kisu butu husukumwa kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.

Dukani, kikunjue kisu, vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa, kisha usukume mgongo wake polepole kwa gumba, halafu utikise ubapa huku na huku. Ukisikia mchezo, mrudishie mwenye duka. Usikigonge mgongo juu ya meza kama tulivyoona wengine wakifanya. Hapo unaliharibu komeo zima ili ujue kama lilikuwa zima. Jaribu kukifungua na kukifunga kwa mkono wa kushoto peke yake, maana siku ya ajali mkono wa kulia huenda umeshika majeruhi. Ubapa wa urefu wa kidole, sentimita saba au nane, unatosha kukata kamba, bendeji, mkanda wa gari na nguo iliyogandamana na jeraha. Kazi kubwa kuliko hiyo ni ya panga.

Askari polisi wanajua, ila tuwakumbushe wenzao wavaao kiraia siku ya likizo, kwamba sheria ya jinai ya Uganda inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayetembea na silaha hadharani, bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kisu kilicholala mfukoni kikingoja kamba ni chombo. Kikichezewa baa, kikilia krr krr mbele ya wanywaji, kimekwisha kuwa kitu kingine. Na uwanja wa ndege kitie katika mzigo mkubwa, la sivyo utakiacha mezani kwa wakaguzi.

Yule kijana wa turubai tulikutana naye tena Bwesumbu, miezi mingi baadaye. Kidole kinakunjika, ingawa ncha yake, alituambia, haisikii baridi wala moto. Alikuwa ameweka akiba na kununua kisu cha bei ya kati: mpini wa plastiki ngumu, chuma cha kawaida kisichoshika kutu, komeo la mgongoni lililo imara. Hakina rangi ya kijeshi wala maneno ubavuni. Tulimwomba tukitazame. Alikikunja kwanza, akasikiliza komeo likilia, ndipo akatupa.